Uzi: Mpungate mfupi wa Laikipia unaenezwa na nani hasa: tembo, nyani, panga letu au malisho yaliyochoka?

#1 · Malisho_Doldol

Wanajukwaa, salaam. Nafuga mbuzi na kondoo kaskazini mwa Laikipia, na swali langu linahusu ule mpungate mfupi wenye maua ya manjano na matunda ya zambarau, ambao wataalamu huuita Opuntia stricta. Hauinuki kuwa mti. Hutambaa na kujikunja, bapa juu ya bapa, na mara nyingi haufiki kifua cha mtu mzima, lakini kichaka kimoja hutosha kufunga njia ya ng'ombe. Katika kila mkutano wa malisho lawama humwangukia tembo, kwamba ndiye anayekula matunda na kumwaga mbegu kwa kinyesi chake. Mimi nadai kwamba panga letu limeueneza zaidi ya tembo, kwa sababu tunaukata, tunauacha pale pale, na msimu unaofuata palipokuwa na kichaka kimoja pana vichaka tele. Kabla hatujabishana, naomba wenye elimu ya mimea wanieleze mambo mawili: lile bapa la kijani ni jani au ni shina, na inakuwaje kipande kilichotupwa juu ya mawe, bila tone la mvua kwa miezi, kiendelee kuwa hai?

#2 · Mwanamimea

Karibu, ndugu. Bapa ni shina. Majani yake halisi yapo, ila watu wengi hawajawahi kuyaona: tazama bapa changa lililochomoza baada ya mvua, utakuta vijani vidogo vya kijani vyenye umbo la pia, vimesimama kimoja kimoja juu ya kila doa, navyo hunyauka na kudondoka baada ya muda mfupi. Kazi ya usanisinuru iliyokuwa ya majani imehamia kwenye shina, na shina likapanuka na kuwa bapa ili lipokee mwanga.

Yale madoa huitwa areoli, na ndiyo alama ya familia nzima ya kaktasi. Kila areoli ni chipukizi la tawi lililofupishwa mno. Kutoka humo hutoka miiba, ambayo kiasili ni majani yaliyogeuka, na hutoka pia vimiiba vidogo sana vyenye vinyakuzi vya kurudi nyuma, viitwavyo glokidi, ambavyo humganda mtu kwenye vidole na kumsumbua kuliko miiba mirefu. Areoli hiyo hiyo inaweza kutoa ua au bapa jipya, na bapa likilala chini, mizizi huchomoza humo au karibu yake. Kwa hiyo kipande unachokitupa si taka ya mmea. Ni shina lenye machipukizi kadhaa yanayosubiri nafasi.

Kuhusu kutokufa kwake, kwanza ngozi yake ina nta nene, na ndani kuna ute unaoshika maji. Kidonda cha panga hukauka na kufanya gamba ambalo huzuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Pili, mmea huu hufungua vitundu vyake vya hewa usiku, wakati joto na upepo mkavu vimepungua, ukavuta hewa ya kaboni dioksidi na kuihifadhi kama asidi ya maliki ndani ya seli. Kukicha hufunga vitundu na kuitumia ile akiba kutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Ndiyo maana nyama ya bapa huwa kali zaidi alfajiri kuliko jioni. Ukame ukizidi, kipande hufunga vitundu usiku na mchana, kikazungusha ndani kwa ndani kaboni dioksidi inayotokana na kupumua kwake. Hakikui, lakini hakifi, na tone la kwanza la mvua likianguka huota mizizi upesi.

#3 · Malisho_Doldol

Ahsante, Mwanamimea. Basi hoja yangu imepata nguvu: kila ninapopiga panga ninapanda.

#4 · Nyuki_wa_Rumuruti

Naongeza la ua na tunda, maana hapo kuna jambo ambalo Mwanamimea amelipita. Mimi nina mizinga, na nyuki wangu huyatembelea sana maua haya. Ukiingiza kijiti chembamba katikati ya ua na kuzigusa stameni, yaani nyuzi za kiume zenye chavua, utaziona zikijikunja polepole kuelekea katikati, kwenye mrija wa kike wa ua. Nyuki anayeingia hulazimika kujipenyeza kati yake, akatoka amejaa chavua mwili mzima. Ua moja kwa kawaida hudumu siku moja tu, hivyo mmea hutoa maua kwa zamu kwa majuma kadhaa.

Sasa lipo la ajabu zaidi kuhusu tunda. Ovari haikai juu ya ua, imezama ndani ya ncha ya shina, na ganda la nje la tunda ni shina lenyewe lenye areoli na glokidi zake. Ndiyo maana tunda humchoma mtu hata likiwa halina mwiba unaoonekana. Na kwa spishi kadhaa za Opuntia, tunda bichi likianguka kwenye udongo linaweza kuota mizizi na kuchipua bapa, kana kwamba ni kipande cha shina kingine chochote. Kwa hiyo anayekata matunda na kuyaacha chini akidhani amezuia mbegu bado ameacha kazi nusu.

#5 · Kando_ya_Tsavo

Nimesoma #1 na #3 kwa makini, na simkubalii ndugu yangu wa Doldol. Huku Tsavo Mashariki mpungate huu upo mahali ambapo hakuna mfugaji anayepiga panga. Nimeuona kwenye njia za tembo na karibu na maji, na kinyesi cha tembo wakati wa matunda hubadilika rangi na kujaa mbegu. Mbegu za Opuntia zina ganda gumu kama mfupa linaloizunguka mbegu yote, kwa hiyo hupita tumboni salama. Tembo hutembea mwendo mrefu kati ya kula na kunya, na mbegu huanguka ikiwa imezungukwa na mbolea na unyevu. Panga linaweza kueneza kichaka hatua chache. Nani alikivusha mto na kilima?

#6 · Mzee_wa_Mukogodo

Wanangu, tembo namfahamu na sina nia ya kumtetea, lakini nyani mmemsahau. Sisi tulipokuwa vijana mpungate ulikuwa kando ya Doldol, umepandwa kama uzio wakati wa utawala wa kikoloni, na ulikaa mahali pake. Uzio ulikuwa uzio. Tembo walikuwepo siku hizo, tena wengi, wala hawakuueneza kwa kasi hii. Kilichobadilika ni kwamba makundi ya nyani yalijifunza kulipenda tunda lake. Nyani hula pale, hupanda kwenye miamba na miti mirefu kulala, na asubuhi chini ya malalo yao pamejaa mbegu. Nenda mkaangalie miche inaota wapi: iko kwenye nyufa za miamba, mahali ambapo tembo hawezi kukanyaga.

#7 · Bint_Nanyuki

Shikamoo, Mzee. Maelezo yako yananielekeza kwenye swali ambalo wote mnalizunguka. Ikiwa tembo walikuwepo, na nyani walikuwepo, na uzio ulikuwepo, kwa nini mlipuko uje baadaye?

Mtafiti Shirley Strum, ambaye amefuatilia nyani wa Laikipia tangu alipowahamishia huko kutoka Gilgil mwaka 1984, alichapisha na wenzake mwaka 2015 hoja kwamba kiini ni mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Wafugaji walipoacha kuhamahama na kukaa mahali pamoja, mifugo ilikwangua nyasi mpaka udongo ukabaki wazi, na mche wa mpungate, ambao ukiwa mdogo huzidiwa kirahisi na nyasi nzito, ukapata uwanja. Nyani na tembo ni wabebaji. Lakini mzigo waliobeba usingefika mbali kama ungetua kwenye nyasi zenye afya. Nasema haya nikijua kwamba yanatuuma, kwa kuwa ni malisho yetu wenyewe.

#8 · Malisho_Doldol

Dada, yanauma kweli, lakini nauliza kwa heshima: kwenye ranchi za binafsi zenye nyasi ndefu mbona mpungate umeingia pia? Nimeuona kwa macho yangu upande wa pili wa uzio wa umeme.

#9 · Mgogo_Mtafiti

Salamu kutoka Dodoma. Ninaona mnaulaumu mmea huu kama mgeni, lakini huku kwetu kaktasi ni za asili, tena kubwa kama miti, zenye matawi yaliyosimama kama kinara cha mishumaa, na wazee wanasema zilikuwepo kabla ya Mzungu yeyote. Ukizikata zinatoa maziwa meupe. Kwa nini basi mseme kwamba kaktasi ililetwa?

#10 · Mwanamimea

Ndugu wa Dodoma, mmea unaousema ni Euphorbia, huenda Euphorbia candelabrum, na hauhusiani na kaktasi hata kidogo. Uko familia moja na muhogo na mbarika. Umbo limefanana kwa sababu nchi kavu za mabara mawili ziliisukuma mimea tofauti kwenye njia ile ile ya shina nene na miiba. Vipimo vya kutofautisha ni viwili. Euphorbia ikikatwa hutoa utomvu mweupe, ilhali mpungate hutoa ute usio na rangi. Na miiba ya Euphorbia haitoki kwenye areoli, wala haina glokidi.

Kaktasi zote asili yake ni Amerika, isipokuwa spishi moja, Rhipsalis baccifera, isiyo na miiba mikali, inayoning'inia kwenye miti ya misitu na kukutwa pia Afrika ya kitropiki, Madagaska na Sri Lanka. Ilivukaje bahari ni mjadala wa uzi mwingine. Opuntia stricta yenyewe ni ya Florida, pwani ya Ghuba ya Meksiko, mashariki mwa Meksiko na visiwa vya Karibi. Haworth aliielezea kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1803.

#11 · Kando_ya_Tsavo

Mgogo_Mtafiti, karibu sana kwenye uzi, ila tafadhali usiende kupima utomvu huo mweupe leo kwa ushabiki wa mjadala. Ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Mpungate wa Laikipia utakuchoma tu vidole.

#12 · Daktari_wa_Mbuzi

Kuchoma vidole ni kwa binadamu, ndugu wa Tsavo. Kwa mbuzi hali ni mbaya zaidi, na mimi huiona kazini. Mbuzi akishaonja tunda huwa halisahau. Glokidi humganda kwenye midomo, ulimi, ufizi na kaakaa, zikapenya ndani kadiri anavyotafuna, na mahali pale panavimba na kutunga usaha. Nimepasua mizoga ya mbuzi nikakuta zimejichoma kwenye utando wa tumbo na matumbo. Mnyama wa namna hiyo hukonda huku malisho yapo, kwa sababu kula ni maumivu. Wengine huchomwa macho wanapoingiza kichwa kichakani, wakapofuka.

Naandika haya kwa sababu mjadala wa nani anaeneza umemsahau mbuzi mwenyewe. Anakula tunda malishoni mchana, usiku analala bomani, na boma huhamishwa. Kwenye maboma yaliyohamwa nimekuta vichaka vya mpungate vimeota palipokuwa na samadi. Hapo hakuna tembo wala nyani wa kumsingizia.

#13 · Mkaazi_wa_Ontario

Nawasalimu kutoka Kanada, ambako nimeishi kwa miaka mingi. Huenda hamtaamini, lakini huku mipungate mifupi ya porini ipo, nayo hupita majira ya baridi chini ya theluji. Iko kwenye mchanga wa Point Pelee na kisiwa cha Pelee, kusini kabisa mwa Ontario, na kwa sheria za hapa ni mmea ulio hatarini kutoweka, kwa hiyo anayeung'oa ana kesi. Zamani uliwekwa wote chini ya jina Opuntia humifusa. Uchambuzi wa kromosomu wa miaka ya karibuni umeligawanya kundi hilo, na ule wa Ontario sasa huitwa Opuntia cespitosa, wenye maua ya manjano yaliyo na wekundu katikati.

Baridi inapokaribia, mabapa hupoteza maji, hukunjamana, hubadilika rangi kuelekea zambarau na kulala chini kabisa, hata mgeni hudhani yameoza. Maji yakipungua ndani ya seli, sukari na ute huongezeka, na barafu hujijenga nje ya seli badala ya ndani, ambako ingezipasua. Kuna ndugu yake mdogo zaidi, Opuntia fragilis, anayeota hadi bonde la mto Peace, zaidi ya latitudo 56 kaskazini. Wakati huo huo mpungate mkubwa wa kulimwa, Opuntia ficus-indica, huumia vibaya joto likishuka kama nyuzi kumi tu chini ya sifuri.

Hivyo kwa huku ufupi unaeleweka: mmea unaolala chini hufunikwa na theluji, nayo theluji huukinga na upepo mkali wa baridi. Lakini wa Laikipia, ambako hakuna theluji, una haja gani ya kuwa mfupi?

#14 · Mwanamimea

Swali zuri, na majibu yake ni zaidi ya moja. Wengine husema ni urithi tu: Opuntia stricta ni spishi ya fukwe na vichaka vya pwani, iliyozoea upepo wa bahari na mchanga usioshika kitu kirefu. Wengine huangalia ufundi wa mwili wake, kwamba shina lake halijengi mti mgumu wa kutosha kubeba safu nyingi za mabapa, hivyo yakijaa maji baada ya mvua huinama, hugusa udongo na kuota mizizi. Kwa mtazamo huu ufupi ndio mbinu yake ya kuenea: huanguka, hushika mizizi, huinuka kidogo, huanguka tena, mpaka kichaka kimoja kikawa duara pana ambalo katikati yake pamekufa na ukingoni panaendelea.

#15 · Bint_Nanyuki

Na tusisahau kwamba Laikipia haina spishi moja. Kuna Opuntia engelmannii pia, ambayo huwa kubwa zaidi, na watu wengi huichanganya na stricta. Hata ndani ya stricta wataalamu hutenganisha umbo lisilo na miiba mingi na lile liitwalo dillenii, lenye miiba mingi ya manjano na kimo kirefu kidogo. Mzee anaposema mpungate wa ujana wake ulikaa kwenye uzio bila kusambaa, je, ulikuwa ndio huu?

#16 · Mzee_wa_Mukogodo

Binti yangu, tunda lilikuwa la rangi hii hii na mabapa yalikuwa hivi hivi. Mtoto wa porini hachanganyi mmea uliomchoma.

#17 · Kochinili_Kwanza

Nimefuatilia kimya tangu mwanzo. Wote mmetafuta mbebaji, na mimi natafuta adui aliyekosekana. Kule Amerika mpungate huu huliwa na wadudu waliozoeana nao kwa muda mrefu sana. Ulipovuka bahari uliwaacha nyuma. Ushahidi mkubwa ni Australia: kufikia katikati ya miaka ya 1920 mipungate, hasa stricta, ilikuwa imeingia kwenye takriban hekta milioni 24 za Queensland na New South Wales, na wakulima waliacha mashamba. Huko walilaumiwa ndege, hasa emu na kunguru, hata serikali ikalipa zawadi kwa waliowaua. Haikusaidia. Mwaka 1925 waliletwa viwavi wa nondo Cactoblastis cactorum kutoka Argentina, ambao huingia ndani ya bapa kwa kundi na kulila mpaka libaki ganda, na katika miaka michache ya mwanzo wa 1930 sehemu kubwa ya msitu ule wa miiba ikaanguka. Ndege walikuwa wale wale.

Afrika Kusini nao wana funzo la kina zaidi. Katika hifadhi ya Kruger, stricta ilipandwa kama pambo Skukuza miaka ya 1950, ikasambaa na watafiti wakauliza swali lenu hili hili, nyani au tembo. Nondo alipelekwa mwaka 1988, akapunguza lakini hakumaliza. Mdudu wa kochinili, Dactylopius opuntiae, aliyetolewa mwanzoni hakuushika mmea, kwa kuwa alikuwa wa ukoo uliozoea ficus-indica. Walipoleta ukoo uliozoea stricta, mwaka 1997, vichaka vikaanza kunywea. Spishi ya mdudu ni moja, sura ni moja, chakula ni tofauti. Ukoo huo wa stricta ndio ulioletwa Laikipia kwa juhudi za shirika la utafiti wa kilimo la CABI na wenzake katika muongo wa 2010.

#18 · Malisho_Doldol

Wale weupe kama pamba kwenye mabapa, ambao ukiwabonyeza hutoa rangi nyekundu kama damu?

#19 · Kochinili_Kwanza

Ndio hao. Pamba ni nta inayowafunika majike, na wekundu ni asidi ya kaminiki ambayo huwakinga dhidi ya wadudu wanaowinda. Spishi ya jamaa yao, Dactylopius coccus, ndiyo iliyofugwa kwa rangi tangu zama za kale za Meksiko.

#20 · Mlezi_wa_Mimea

Naomba tusimtukuze mdudu haraka. Kusini mwa Madagaska watu wa Androy walikuwa wameujenga uchumi wao juu ya mpungate, wakila matunda, wakinywesha ng'ombe kwa mabapa na kuzungushia vijiji. Kochinili alipoingizwa miaka ya 1920, mmea ulikufa kwa kasi, na ukame ulipokuja watu na mifugo waliangamia kwa njaa. Najua kwamba spishi ile ilikuwa Opuntia monacantha na wala si stricta, na najua kwamba Laikipia haitegemei mmea huu kwa uhai. Hata hivyo katika Tigray na Eritrea mamilioni hula tunda la ficus-indica, na hata hapa kwetu kuna akina mama wanaotengeneza juisi na jemu kwa tunda la stricta. Anayeachilia mdudu hawezi kumrudisha chupani.

Na yule nondo wa Australia anayesifiwa? Alipelekwa Karibi miaka ya 1950, akaonekana Florida mwaka 1989, na sasa anakula mipungate ya asili kwenye nchi yao wenyewe. Huyo asiletwe Kenya.

#21 · Daktari_wa_Mbuzi

Hofu yako ni ya haki, Mlezi, lakini hapo umetaja wadudu wawili wenye tabia mbili. Kochinili wa ukoo wa stricta huganda kwenye mmea wake. Jike hana mabawa, na watoto wake hubebwa na upepo au na bapa lililohamishwa. Nondo huruka na kuchagua. Kuhusu jemu, nawaheshimu akina mama hao, ila kwa kila chupa ya jemu nawafikiria mbuzi waliovimba midomo.

#22 · Mfugaji_wa_Koija

Kwangu kochinili alifanya kazi vizuri kwenye kiangazi, kisha mvua kubwa ikawaosha watoto wake na mpungate ukachipua upya. Hapo ndipo nilipoelewa alichoandika Mwanamimea kwenye #2, kwa sababu mabapa yaliyoonekana yamekauka yalitoa machipukizi kwenye madoa yaliyobaki mazima. Tunayabeba mabapa yenye mdudu na kuyaweka juu ya vichaka visivyo na mdudu kila kiangazi kinapoanza. Ni kazi ya kurudia, na jirani asipoirudia, wake unarudi kwako.

#23 · Malisho_Doldol

Naona kila mtu ameongeza mbebaji, lakini hakuna aliyelivunja dai langu la panga. Mwanamimea, je, kuna namna ya kumtazama mpungate mchanga na kujua kama ulitokana na mbegu au na kipande?

#24 · Mwanamimea

Ipo, na huhitaji maabara. Chimba taratibu kuzunguka mpungate mchanga kabla haujawa kichaka. Uliotokana na kipande utaukuta umesimama juu ya bapa la zamani lililolala ubavu, limekunjamana, mara nyingi lina kovu bapa la kukatwa au kovu la kiungo kilichovunjika chenyewe. Ukiona ukingo ulionyooka, hiyo ni kazi ya chuma. Uliotokana na mbegu ukiwa bado mdogo kabisa una kotiledoni mbili nene, yale majani mawili ya mwanzo ya mche, na katikati yake kashina kembamba kenye nywele na vimiiba laini, kasikoonyesha ubapa wa kutosha. Kotiledoni zikishaanguka tazama mzizi: mche wa mbegu una mzizi mmoja mkuu unaoshuka, ilhali wa kipande una mizizi mingi ya juu juu inayotoka ubavuni mwa bapa.

Kipimo hiki kitakueleza mbegu au kipande, lakini hakitakueleza ni tumbo gani lililobeba mbegu. Jambo la kuongeza ni kwamba Opuntia kadhaa zinaweza kutoa viinitete kutoka tishu ya mama bila kuungana kwa mbegu za uzazi, hivyo hata mche wa mbegu unaweza kuwa nakala ya mama yake. Anayetegemea kupima vinasaba ili kutenganisha panga na tembo akumbuke hilo.

#25 · Kando_ya_Tsavo

Kwa hiyo tembo bado yuko kizimbani pamoja na wenzake. Nitaikubali hukumu ya jembe.

#26 · Malisho_Doldol

Nimechimba sehemu tatu, wanajukwaa, na naripoti nilichokiona. Kando ya njia ambako vijana hukata ili ng'ombe wapite, karibu mimea yote michanga imesimama juu ya bapa la zamani, na mengi yana ukingo ulionyooka wa panga. Kwenye boma lililohamwa kuna mchanganyiko, kama alivyosema Daktari: miche yenye mzizi mmoja ndani ya samadi, na vipande vilivyovunjwa na kwato. Chini ya mgunga mkubwa ulio mbali na njia na boma hakuna bapa la zamani hata moja. Yote ni miche ya mbegu, midogo, imebanana kwenye kivuli, na mingine bado ina kotiledoni.

#27 · Mzee_wa_Mukogodo

Mgunga huo naujua. Nyani hulala hapo.

#28 · Kando_ya_Tsavo

Na gome lake, Mzee, limesuguliwa na nani mpaka likawa laini kiasi cha urefu wa tembo?

#29 · Nyuki_wa_Rumuruti

Angalieni pia matawini. Nimewahi kuona ndege wakidonoa matunda haya yaliyopasuka na kurudi mtini na midomo ya zambarau. Malisho_Doldol, ukirudi hapo, kagua kama miche imejaa chini ya matawi yote au upande mmoja tu, na kama kuna kinyesi, kipasue uhesabu mbegu kwa kila aina ya kinyesi kivyake kabla hakijakanyagwa.